Vipeperushi na magazeti ya bure mlangoni: dalili, chanzo na dawa kwa tunaoishi Uingereza

Malalamiko ni yale yale kila Waswahili wa huku wanapokutana, iwe Reading, Leicester au mashariki ya London. Nimebandika stika mlangoni, menyu za piza bado zinaingia. Nimejaza fomu ya posta, gazeti la mtaa halijakoma. Nimehamia mwezi uliopita na nusu ya barua ni za mtu nisiyemjua. Anayelalamika huwa amefanya jambo la maana, ila amefunga njia moja wakati karatasi inapita njia nyingine. Stika inamhusu mgawaji anayetembea kwa miguu. Mtu wa posta haimzuii. Fomu ya posta inamfunga mtu wa posta. Mgawaji wa menyu hajui hata kama ipo. Na barua yenye jina lako haizuiwi na stika wala na fomu hiyo.

Ndiyo maana tunaanza na karatasi yenyewe, halafu tunafuata dalili moja moja. Sheria na huduma zinazotajwa ni za Uingereza, na palipo na tofauti kati ya England na sehemu nyingine nimesema.

Kabla ya yote: usitupe, panga kwanza

Weka boksi karibu na mlango na kwa wiki mbili tia kila kinachoingia bila kuombwa. Kisha kaa chini upange mafungu manne:

- Hakina jina, na kimeingia peke yake, mara nyingi jioni au Jumapili. Hicho ni cha mgawaji.
- Hakina jina, lakini kimeingia pamoja na barua, mkono mmoja. Hicho ni cha posta.
- Kina jina lako, hata kama limekosewa herufi.
- Kina jina la mtu mwingine, au kimeandikwa "The Occupier", yaani yeyote anayekaa humo.

Fungu lililo kubwa kuliko yote ndilo la kuanza nalo. Kwa nyumba nyingi za mijini ni la kwanza, na kwa aliyehamia karibuni ni la nne.

Onyo moja kabla hujaendelea. Wapo wanaochukia vipeperushi hadi wanatupa kila kitu kisicho na sura ya bili, na humo humo hutupwa barua ya miadi ya hospitali, taarifa ya kodi ya halmashauri na fomu ya kuhakiki wapiga kura. Fomu hiyo ya kila mwaka, ikikutaka ujibu, ukinyamaza unaweza kupigwa faini hadi pauni 1,000. Kila bahasha yenye nembo ya halmashauri, au kaunsili kama wengi tunavyoiita, na kila yenye nembo ya NHS, huduma ya afya ya taifa, ifunguliwe.

Dalili: stika ipo, lakini menyu, kadi za teksi na matangazo ya mawakala wa nyumba yanaendelea

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko mengine yote, na chanzo cha kawaida kabisa ni mahali stika ilipo. Mgawaji hasomi mlango. Amebeba mfuko begani, ana rundo mkono mmoja, na mkono wa pili unakwenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha tundu la barua. Jicho lake liko pale vidole vilipo. Stika iliyo juu kwenye kioo, au dirishani pembeni, au iliyopauka kwa jua, haipo kwake. Ihamishie kwenye kifuniko chenyewe au kidole kimoja juu yake, maandishi meusi juu ya rangi nyeupe au ya njano. Toka nje usiku uitazame kwa mwanga wa taa ya barabarani. Usipoweza kuisoma ukiwa hatua mbili nyuma, yeye pia hawezi.

Chanzo cha pili ni maneno. Stika inayosema "No junk mail" inaacha mlango wazi kwa hoja: mwenye mgahawa anaamini menyu yake ni taarifa muhimu kwa jirani, wakala wa nyumba anaamini anakuletea habari njema. Hakuna anayekubali kuwa karatasi yake ni takataka. Taja vitu kwa majina: "No leaflets, menus, free newspapers or charity bags." Neno la shukrani mwishoni, "Thank you", halikupotezei kitu. Ukipanga chumba, muulize mwenye nyumba kwanza, kwa sababu gundi ya stika nyingine inang'oa rangi.

Cha tatu ni malipo. Wagawaji wengi hulipwa kwa idadi, na kazi yao hukaguliwa kwa kuangalia kama rundo limekwisha. Kuruka nyumba kumi zenye stika ni kurudi na karatasi mkononi na kuonekana mvivu. Kijana unayemkuta getini mara nyingi amefika nchini juzi, na huenda akawa mtoto wa nyumbani kabisa. Usimgombeze. Mwenye kuamua ni yule ambaye namba yake ya simu imechapwa kwenye menyu.

Dawa, basi, ni kumpigia huyo. Chagua wale watatu wanaojirudia zaidi kwenye boksi lako, piga simu saa ambazo hawana wateja, sema anwani yako kamili na uombe itolewe kwenye njia ya ugawaji. Mgahawa mdogo huwa unasikiliza, kwa sababu kila karatasi inawagharimu. Wakala wa nyumba muandikie barua pepe, ili uwe na ushahidi wa tarehe. Ukishaandika na bado wanaleta, andika tena kwa meneja wa tawi na uambatishe picha ya karatasi ikiwa karibu na stika yako. Picha hiyo ina nguvu kuliko aya tatu za malalamiko.

Sasa ukweli mchungu wa kisheria. Hapa Uingereza stika ni ombi tu. Halmashauri za England na Wales zina mamlaka, kupitia nyongeza ya mwaka 2005 kwenye sheria ya mazingira ya 1990, ya kuwataka wagawaji wawe na kibali katika maeneo fulani ya wazi, lakini kifungu hicho hicho kinaacha nje karatasi inayoingizwa ndani ya jengo au kwenye tundu la barua. Kwa hiyo usipoteze siku kumwita ofisa wa halmashauri kwa ajili ya menyu iliyopita mlangoni. Mwite ikiwa karatasi zinamwagwa barazani, bustanini na njiani, maana huo ni uchafuzi na hilo ni jukumu lake.

Ndugu zetu wa ng'ambo ya bahari wana afueni. Ujerumani, mahakama kuu ya shirikisho iliamua mwaka 1988 kwamba mwenye nyumba aliyebandika katazo ana haki ya kuheshimiwa, na anaweza kumshitaki mwenye tangazo. Uholanzi kuna stika ya "nee/nee", inayokataa vipeperushi na magazeti ya bure pamoja, na Amsterdam tangu Januari 2018 imegeuza utaratibu: asiye na stika ya kukubali hapelekewi matangazo. Ufaransa kuna "Stop Pub" tangu 2004. Ukikaa huko, nusu ya kazi iliyo kwenye makala hii hukuhitaji. Nadhani Uingereza nayo ingefaa kwenda njia ya Amsterdam, kwa sababu kumtaka mzee asiyesoma Kiingereza ajaze fomu tatu ili aachwe kwa amani si haki.

Kadi moja nitaitaja peke yake. Ni ndogo, ina picha ya mtu mwenye kofia au joho, anajiita sheikh au profesa, na anaahidi kurudisha mpenzi, kushinda kesi ya uhamiaji, kuondoa husuda na kutibu kila ugonjwa kwa siku chache. Tunawajua, mabango yao yamejaa kwenye nguzo za umeme Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba huku anamvizia mtu aliye mpweke, mwenye kesi ya makaratasi, anayehofia kumwambia jirani. Kama kuna mtu nyumbani kwako ameanza kulipa, hapo acha kushughulika na stika na nenda kwenye sehemu ya barua za ushindi hapo chini. Kesi ya uhamiaji inahitaji mshauri aliyesajiliwa kisheria.

Dalili: mifuko ya plastiki ya kukusanyia nguo inaachwa kila wiki

Kisheria stika haiuzuii mfuko zaidi ya inavyozuia menyu, lakini wanaochangisha kwa mifuko hiyo wana kanuni. Fundraising Regulator, inayosimamia uchangishaji England, Wales na Ireland Kaskazini, inakataza kuacha mfuko kwenye nyumba yenye kibandiko kinachoonyesha kuwa hauhitajiki. Kwa hiyo angalia kwanza kama stika yako inataja mifuko. Ikitaja, lalamika kwa shirika la hisani lililoandikwa kwenye mfuko, kisha kwa msimamizi huyo wasipokujibu.

Soma pia maandishi madogo. Mfuko usio na namba ya usajili wa shirika la hisani, wenye maneno ya huruma tu na namba ya simu ya mkononi, mara nyingi ni biashara ya mitumba. Hulazimiki kuurudisha nje. Utumie kwa taka zako.

Dalili: gazeti la bure la mtaa halikomi

Magazeti ya bure huishi kwa matangazo, na bei ya tangazo hutegemea nyumba ngapi zinafikiwa. Ndiyo sababu kuondoa nyumba yako kwenye orodha kunachukua muda: kwao wewe ni sehemu ya hesabu wanayomwonyesha mteja.

Kagua haya kwa mfuatano. Je, gazeti limeingia peke yake au pamoja na barua? Kama ni pamoja na barua, ruka hadi dalili inayofuata. Kama ni peke yake, fungua ukurasa wa pili au wa mwisho, penye anwani ya mchapishaji. Mara nyingi kuna namba au barua pepe ya idara ya usambazaji. Andika namba ya nyumba, namba ya flati na postikodi, na useme wazi kuwa hutaki toleo lolote. Kosa linaloonekana sana ni kutoa postikodi pekee. Postikodi moja inaweza kubeba nyumba kumi na tano, na msambazaji hawezi kujua ni mlango upi.

Subiri matoleo mawili yapite. Likija la tatu, andika tena ukitaja tarehe ya barua ya kwanza. Baada ya hapo mpigie meneja wa matangazo, si wa usambazaji. Yeye ndiye anayeumia mteja wake akijua magazeti yanaenda moja kwa moja kwenye pipa.

Jarida la halmashauri ni jambo jingine. England, miongozo ya serikali ya mwaka 2011 inazitaka halmashauri zisitoe jarida zaidi ya mara nne kwa mwaka. Likija kila mwezi, una hoja ya kumwandikia diwani wako. Likija mara nne, mimi ningeliacha. Humo ndimo hutangazwa kubadilika kwa siku za kuzoa taka, nafasi za shule na huduma za wazee.

Na kabla hujalikataa gazeti la mtaa, pitia kurasa zake za nyuma. Maombi ya ujenzi mkubwa, na ya majengo ya kihistoria, hutakiwa kisheria kutangazwa magazetini. Kama mtaani kwenu kuna mpango wa kuvunja jengo mnalofanyia ibada, huko ndiko habari inakoweza kuonekana kwanza. Jamaa mmoja kwenye jumuiya yenu akiendelea kulipokea na kuwasomea wengine inatosha.

Dalili: vipeperushi visivyo na jina vinaingia katikati ya barua

Hivi huletwa na Royal Mail yenyewe, kwa malipo ya wenye matangazo. Mtu wa posta akikuona unasikitika atakuambia hana hiari, na anasema kweli.

Dawa ipo na ni bure: fomu ya kujitoa kwenye huduma yao ya Door to Door, inayopatikana kwenye tovuti yao. Ijaze, itie saini, irudishe. Inahusu anwani nzima, kwa hiyo kama mnakaa wapangaji wanne waulize wenzako kwanza.

Watu wengi husema "nilijaza na haikufanya kazi". Sababu, kwa jinsi zinavyotokea:

Hujasubiri. Inaweza kuchukua hadi wiki sita, kwa kuwa vipeperushi vya wiki zijazo vimekwisha kupangwa.

Muda umekwisha. Kujitoa kunadumu miaka miwili, kisha unarudi kwenye orodha. Andika tarehe kwenye kalenda ya simu.

Umehama. Fomu ilibaki na nyumba ya zamani.

Kinachoingia si cha posta. Rudi kwenye mafungu manne.

Kimeandikwa "The Occupier". Hicho kwa posta kina anwani, na ni wajibu wao kukileta.

Ni wakati wa uchaguzi. Kila mgombea ubunge ana haki ya kisheria kutumiwa kipeperushi kimoja na posta bila malipo kwa wapiga kura wa jimbo lake, na hakuna fomu inayozuia hilo. Sioni haja ya kulalamika. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi hapa, wakiwemo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, wana haki ya kupiga kura, na karatasi hizo ni pa kuanzia.

Ujue pia gharama ya kujitoa: matangazo ya serikali na halmashauri yasiyo na jina nayo yanakoma kupitia njia hiyo. Posta haiwezi kuyachambua.

Dalili: matangazo yana jina langu

Hapa chanzo kiko kwenye orodha ya mtu, na orodha inaweza kufungwa kisheria.

Chanzo cha kwanza ni duka ulilowahi kununua, au benki, au kampuni ya intaneti. Ingia kwenye akaunti yako na uondoe tiki kwenye matangazo ya posta. Ikishindikana, waandikie kwamba unatumia haki yako ya Kifungu cha 21 cha UK GDPR, sheria ya kulinda taarifa binafsi, kukataa matumizi ya taarifa zako kwa matangazo. Kwa matangazo, haki hii haina mjadala: kampuni haiwezi kusema ina sababu nzito zaidi yako. Katika barua hiyo hiyo waulize walipata wapi jina lako. Wana mwezi mmoja wa kujibu, na jibu hilo mara nyingi linakuonyesha mzizi wenyewe. Wakikaidi, malalamiko yanakwenda kwa Information Commissioner's Office, wasimamizi wa sheria hiyo, bila malipo.

Chanzo cha pili ni daftari la wapiga kura. Yapo madaftari mawili: kamili, linalotumika kwa uchaguzi, na la wazi, ambalo mtu au kampuni yoyote inaweza kulinunua. Kujitoa kwenye la wazi hakugusi haki yako ya kupiga kura. Andika kwa ofisi ya uandikishaji ya halmashauri yako, au tia alama kwenye fomu wakati wa kujiandikisha. Kwa sababu wengi wetu tumo kwenye daftari kwa haki ile ya Jumuiya ya Madola, hatua hii ina faida kwetu kuliko watu wanavyodhani.

Chanzo cha tatu ni orodha za kuuzwa na kukodishwa kati ya kampuni ambazo hujawahi kuzisikia. Jisajili na Mailing Preference Service, orodha ya wasiotaka matangazo ya posta. Ni bure, na huchukua hadi miezi minne kuonyesha matokeo kamili.

Halafu kuna tatizo letu hasa: majina. Bwana Hamisi Juma Ally anaweza kuwa Mr Ally kwenye orodha moja, Mr Juma kwenye ya pili na Hamisi J Ali kwenye ya tatu. Khadija anapata h mwishoni, Mohamed anaongezewa m, Mwanaidi anakatwa katikati na kuwa Mwana Idi. Mfumo unaondoa jina lililoandikwa vile vile lilivyosajiliwa. Toa bahasha zako kwenye boksi, andika kila namna jina lako lilivyotokea, na usajili zote. Fanya hivyo kwa kila mtu mzima nyumbani.

Maombi ya mashirika ya hisani yenye jina lako yana njia yake, Fundraising Preference Service, ambako unataja shirika na wanalazimika kuacha.

Dalili: barua si zangu

Mara nyingi ni za mpangaji aliyepita. Usizifungue. Sheria ya posta ya mwaka 2000 inafanya kuwa kosa kufungua barua unayojua imekufikia kimakosa, bila sababu ya msingi na kwa nia ya kumdhuru mwenyewe. Kata anwani kwa mstari mmoja, andika "Not known at this address, return to sender", itie kwenye sanduku la posta la barabarani. Stempu haihitajiki. Fanya hivyo kila inapokuja, maana mtumaji mmoja huhitaji kurudishiwa mara kadhaa kabla hajasafisha orodha.

Barua za "Legal Occupier" kutoka TV Licensing, wanaosimamia leseni ya televisheni, si tangazo na hazikomi kwa kutupwa. Kila inayofuata ina maneno makali zaidi. Kama hutazami matangazo ya moja kwa moja ya televisheni wala BBC iPlayer, toa tamko kwenye tovuti yao na barua zitatulia kwa takriban miaka miwili. Lakini uwe mkweli. Kutazama moja kwa moja kituo cha nyumbani, hata kwa simu, nako kunahitaji leseni.

Barua za marehemu zinauma kuliko zote. Mjane anafungua mlango na kukuta mumewe anapewa punguzo la miwani. Kuna huduma ya bure iitwayo The Bereavement Register inayoondoa jina la marehemu kwenye orodha za matangazo. Mtoto au mpwa anaweza kulijaza kwa niaba ya familia, na ninaomba sana lifanyike mapema, katika zile siku watu wanapokuja kuhani na kuuliza wasaidie nini.

Simama hapa na utafute msaada: ikiwa bahasha za mpangaji wa zamani zinatoka kwa wadai au kwa madalali wa mahakama, acha kurudisha tu kimya kimya. Deni ni la mtu, si la nyumba, na anwani yako haiharibu rekodi yako ya mikopo kwa sababu ya mtu aliyekaa hapo kabla. Hata hivyo wanaweza kufika. Piga simu kwa kampuni iliyo kwenye bahasha, waambie mhusika amehama na lini ulianza kupanga. Wakibisha hodi, usiwafungulie. Wapitishie nakala ya mkataba wa upangaji kupitia tundu la barua. Kisha wasiliana na Citizens Advice, wanaotoa ushauri bure, siku hiyo hiyo.

Na ikiwa zinaingia barua za mikopo, simu au kadi za benki kwa majina ambayo hayajawahi kukaa hapo, au kwa jina lako kwa vitu usivyoomba, huenda kuna anayetumia anwani yako kwa wizi wa utambulisho. Omba ripoti yako ya mikopo, ijulishe benki na toa taarifa polisi.

Dalili: korido ya flati imejaa marundo

Katika majengo ya flati, mgawaji akishaingia mlango wa chini huacha fungu zima juu ya sakafu au juu ya mita. Kwanza tazama mlango: je, kitasa cha kielektroniki kinafunga, au kuna kitufe cha watu wa huduma kinachofungua hovyo asubuhi? Mara nyingi kukitengeneza hicho kunamaliza tatizo kuliko stika ishirini. Stika moja ya jengo zima iwekwe nje, kwenye paneli ya kengele.

Msiweke boksi la pamoja la karatasi kwenye korido wala chini ya ngazi, hata kwa nia njema. Hiyo ndiyo njia ya kutokea moto ukizuka, na England na Wales sheria ya usalama wa moto ya mwaka 2005 inamtwisha msimamizi wa jengo wajibu wa kuiweka wazi. Mwandikieni yeye. Asipochukua hatua, idara ya zimamoto ya eneo lenu inapokea taarifa za namna hiyo.

Usizibe wala kutoboa upya tundu la barua la mlango wa flati. Mlango huo kwa kawaida ni mlango wa kuzuia moto, na tundu lake limetengenezwa kwa kiwango maalumu. Ukiona upepo na karatasi zinakusumbua, hiyo ni kazi ya fundi aliyeletwa na mwenye nyumba.

Dalili: mzee anapokea barua nyingi za ushindi

Bahasha za bahati nasibu ambazo hakuwahi kucheza, zawadi zinazosubiri ada ndogo, watabiri, dawa za miguu. Akijibu mara moja, jina lake linauzwa kwa walaghai wengine na barua zinaongezeka wiki hadi wiki. Wingi wenyewe ndiyo dalili: mzee wa kawaida hapokei bahasha tano za ushindi kwa siku.

Hapa hakuna la kufanya peke yako nyumbani. Usimkaripie, kwa sababu atazificha chini ya godoro. Kaa naye, tazameni pamoja, na uulize kwa upole kama ametuma hela, hundi au namba ya kadi. Ikiwa ametuma, piga simu benki papo hapo, kisha toa taarifa polisi na Citizens Advice, ambao huwafikishia maofisa wa Trading Standards, wanaosimamia haki katika biashara. Bahasha zihifadhiwe, zisitupwe.

Vivyo hivyo kwa kipeperushi cha chuki au vitisho dhidi ya Waislamu, Waafrika au wahamiaji. Kigusweni kidogo iwezekanavyo, kitieni kwenye mfuko safi, andikeni saa kilipopatikana, pigieni polisi kwa 101. Kama kuna hatari ya sasa hivi, 999. Kusambaza maandishi ya kuchochea chuki ya rangi ni kosa la jinai. Waulizeni majirani kama nao wamepata, maana polisi hufanya kazi kwa haraka zaidi taarifa zikitoka mtaa mzima.

Dalili: tunasafiri kwenda nyumbani mwezi mzima, karatasi zitajaa

Gazeti lililonasa nusu ndani nusu nje ya tundu la barua linamwambia mwizi kuwa hakuna mtu. Royal Mail ina huduma ya Keepsafe, ya kulipia, inayoshikilia barua zako hadi siku 100. Lakini menyu na magazeti ya wagawaji hayapiti huko. Mpe jirani ufunguo, au angalau umwombe avute ndani kila kinachoning'inia, kila siku mbili tatu. Waandikie mapema wachapishaji wa gazeti la mtaa, walau wiki sita kabla ya safari.

Mkirudi mkakuta kifuniko kimeng'olewa, karatasi zimesukumwa kwa nguvu au kufuli limekwaruzwa, msiingie kuangalia nini kimepotea. Rudini kwenye gari na mizigo yenu, na mpigie polisi mkiwa nje.